Namna ya Kuwa Mtoto wa Mjini Bila Kutoa Jasho

Kabla hujaendelea, tazama kushoto na kulia. Kama kuna mtu anakuona, funika ukurasa huu kwa habari za Simba na Yanga, maana mtoto wa mjini hajawahi kufundishwa na mtu. Kazaliwa anajua. Akikutwa anasoma mwongozo, hata ayashike yote yaliyomo, ameshafeli. Hilo ndilo somo la kwanza, na kusema kweli ndilo somo lenyewe. Yanayofuata ni mbinu za kulificha tu.

Mwongozo huu ni wa Dar es Salaam. Nairobi wana taratibu zao, na watu wa Mombasa hawaombi ushauri wa mtu. Dar ina tatizo lake mahususi, nalo ni joto. Kati ya Januari na Machi mtu anatoka kuoga, na kabla hajafunga kifungo cha pili mgongo umeshalowa. Ndani ya joto hilo mtaa unakutaka uvae jinzi nzito, raba iliyofunika kifundo cha mguu na, ikiwezekana, jaketi. Ukivaa hayo ukatokwa jasho, wewe ni mtu aliyekosea hali ya hewa. Ukivaa hayo hayo ukabaki mkavu, umetokelezea.

Wanamuziki waliliona hili mapema. Orchestra Maquis, bendi iliyotoka Zaire ikaweka makao Dar katika miaka ya 1970, ilikuwa na mtindo wake wa Kamanyola, na mashabiki waliujua kwa jina zima: Kamanyola bila jasho. Hebu fikiria. Ukumbi umejaa, feni mbili zinazunguka pale umeme unapokubali, magitaa hayana nia ya kupumzika, na sharti ni kutotoa jasho. Waliocheza walilowa, bila shaka. Lakini walikuwa na leso, leso ilikunjwa pande nne, na ilipita usoni mara moja tu, kama vile mwenyewe anafukuza nzi. Jifunze ile leso. Ukishaiweza, mengine yatakuja.

Sasa pamba. Nguo za mtoto wa mjini hazitoki dukani. Dukani ananunua bwana harusi na mtu mwenye haraka. Nenda Karume, Ilala, mapema kabla jua halijakaza. Mitumba huja imefungwa kwenye belo, kila belo na aina yake, na mfanyabiashara hajui hasa alichonunua mpaka akate kamba. Kwa hiyo ni kamari, ila yenye kodi ya pango. Mwenye fedha nzuri huchagua wa kwanza, na kinachobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, hadi alasiri kinamwagwa chini na mwenye sauti anakiimbia bei. Wewe uwepo asubuhi, lakini uvae kama mtu wa alasiri. Na ukiulizwa ile nguo umeipata wapi (hapa ndipo wengi wanapoharibu), usiseme Karume, na Mungu apishe mbali usiseme Ulaya. Sema, "Ya siku nyingi hii," kisha tazama pembeni.

Kutoka Karume, moja kwa moja kwa fundi cherehani, maana aliyeitoa ile suruali huko Ujerumani alikuwa na mapaja yake. Fundi ataibana au ataipanua kulingana na mwaka. Zilipotawala suruali za modo, alikuwa anabana. Siku hizi anafumua yale yale aliyoyabana, na anatoza upya bila aibu. Ukitaka kujua fasheni ya mji huu inaelekea wapi, acha kukodolea video za muziki; kakae kwa fundi nusu saa usikilize wateja wanamlaumu nini.

Raba nyeupe zina ibada yake. Mswaki wa zamani, sabuni ya unga, dawa ya meno kwenye soli, halafu unazifunga kwa karatasi za chooni na kuzianika kivulini ili zisipate umanjano. Kazi hiyo ifanyike usiku, mlango umefungwa. Asubuhi raba zikisifiwa, shangaa kidogo, zitazame kana kwamba ndiyo kwanza unaziona.

Ukiona kazi hiyo ni nzito, kumbuka waliokutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, maduka ya nchi hii yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni ilitafutwa kwa kujuana, na aliyekuwa na dawa ya meno hakuthubutu kuipaka kiatu. Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, na marobota ya mitumba yakaanza kumiminika. Watu walizipokea zile nguo kwa jina la kafa Ulaya, kwa hoja yenye mantiki kabisa kwamba hakuna binadamu anayeweza kutoa koti zima namna ile akiwa hai. Wakazivaa hivyo hivyo. Kuanzia hapo kupendeza Dar kulikuwa kumvalia marehemu asiyejulikana, na hakuna aliyeona haya.

Wakubwa walijaribu kutuokoa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikakumbusha kwamba ina mpango wake wa AGOA wa kuingiza bidhaa zetu bila ushuru, na kwamba mpango huo una masharti. Tanzania na wenzake wakakohoa, wakarudi nyuma. Rwanda peke yake ikashikilia ushuru wake, ukapanda kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ile. Kwa hiyo unapovaa ile fulana yenye jina la timu ya shule ya sekondari ya Ohio, simama wima kidogo. Imepiganiwa.

Na si mara ya kwanza kwa nguo zako kujadiliwa na watu wenye bendera kwenye gari. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia siku ya kwanza ya Januari 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua, pamoja na suruali na kaptula za kubana, mwisho. Siku yenyewe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yakaanza kuwashambulia wanawake kwa ajili ya nguo zao pale Kariakoo. Hilo halichekeshi, na ni vizuri likumbukwe na kila anayedhani mavazi ya dada wa watu ni kazi yake. Kinachochekesha ni kwamba miaka hiyo hiyo, huko upande wa Arusha, wakubwa walikuwa wanawahimiza Wamasai waache lubega wavae suruali. Palikuwa basi na suruali moja tu halali katika Jamhuri nzima: ipo, lakini haishiki. Vijana wa Dar wakatii. Katika miaka ya 1970 waliibuka na bugaluu, kitambaa kimemwagika kuanzia gotini hadi kufagia barabara, chini yake viatu vya raizoni vyenye soli ya kumpandisha mtu daraja. Hakuna kilichobana popote. Wakubwa wakakasirika upya. Shuka la Kimasai nalo leo linashonwa jaketi, na jaketi hilo linauzwa Masaki kwa bei ambayo mwenye ng'ombe angeomba kwanza aone lina pembe.

Wapo wanaoamini mambo haya ya mavazi yaliletwa na televisheni, ambayo Tanzania Bara iliipata mwaka 1994 tu. Waulize kuhusu beni. Ngoma hii ilianzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikateremka Tanga, Dar, ikaingia bara na askari na makarani. Dar ilikuwa na vyama viwili vilivyochukiana vizuri sana: Marini, cha makarani na wenye kusomasoma, na Arinoti, cha vibarua na watu wa chini. Sare za kijeshi, tarumbeta, gwaride, na vyeo: mfalme, jenerali, admirali, hata daktari. Mtu aliyekuwa anasukuma mkokoteni siku sita, ya saba alikuwa kanali, na watoto walimpigia saluti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza walikuna vichwa wakichunguza kama jeshi hili lisilo na bunduki lilikuwa linapanga njama. Lilikuwa linapanga nani apendeze kumshinda nani. Waingereza hawakuweza kuamini kwamba gharama zote zile zilikuwa za hilo tu, na hapo ndipo unapoona hawakuwa watu wa mjini.

Ukishavaa, kaa. Kijiwe ndiyo ofisi, na kukaa kijiweni ni taaluma. Kizazi cha baba yako hakikuipata nafasi hii kwa raha: Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye nguvu awe na kazi, na mijini watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa na kurudishwa mashambani. Mjanja wa enzi hizo alijifunza kutembea haraka bila kwenda popote, bahasha ya kaki kwapani. Wewe jifunze kinyume chake. Kaa kama mtu anayesubiri simu kubwa. Usikae katikati ya benchi, hapo wanakaa wanaobishana mpira. Kaa pembeni, mguu mmoja nje, kama mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Usiondoke.

Simu yenyewe iwe macho matatu, na ilazwe kifudifudi ili macho hayo yaone watu. Kioo kikiwa kimepasuka ndiyo faida ya kuilaza hivyo. Bando likiisha, na litaisha, usiombe mtu akurushie intaneti mbele za watu, sema, "Nimezima data, watu wamezidi." Fedha zikiisha, usipige mzinga kijiweni. Nenda kapige mtaa wa tatu, ambako hawakujui, au kopa kwenye simu kimyakimya. Onyo: wakopeshaji wengine wa simu wakikosa fedha zao huwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye orodha yako ya namba, akiwemo shangazi yako wa Singida, na hakuna leso duniani ya kufuta jasho hilo.

Kwenye kuongea, kazi kubwa ni kuangalia tarehe ya kuharibika. Bomba iliwahi kuwa sifa, babu kubwa ikaiua, nayo ikafa. Anayejibu "poa kichizi kama ndizi" leo ni mtalii aliyefundishwa na dereva wake njiani kwenda Serengeti. Kama huna hakika msamiati wako ni wa mwaka gani, nyamaza, inua nyusi. Nyusi hazijapitwa na wakati tangu enzi za Marini.

Kulikuwa na kipindi kuongea kwenyewe kulibanwa, pamoja na suruali. Hicho kilikuwa kipindi cha masharobaro. Msanii Bob Junior alijitangaza rais wao na studio akaiita Sharobaro Records, na hapo ndipo Diamond Platnumz alipoanza kusikika. Kijana alinyoa kiduku, akavaa modo, akabana pua, akawa anachoka kabla ya kufanya kitu. Aliyewaelewa kuliko wote alikuwa mchekeshaji Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Muheza mwaka 2012. Aliwacheka kwa ufundi mkubwa, kila pozi, kila sauti. Nao masharobaro walimwangalia, wakacheka mpaka machozi, wakaenda kuiga zile pozi. Kejeli haijawahi kumtibu mtu huyu, jambo ambalo mwandishi wa mwongozo wa kejeli analijua vizuri, na ndiyo maana hajitaabishi.

Dada zetu watauliza wao wako wapi humu. Wako juu zaidi. Somo hili la kutotoa jasho walilimaliza zamani, kwenye kanga. Una ugomvi na jirani. Mwanamume angepayuka barazani, akavua shati, akatoka jasho. Mwanamke wa mjini anakwenda Kariakoo, anapekua madukani mpaka akutane na doti yenye maandishi yanayomfaa adui yake, anaishona pindo, anajifunga, anapita kwenda kisimani asikotaka maji. Hajasema neno. Adui anasoma mgongoni, akitaka asome, asipotaka asisome, kanga inapita. Kwenye taarabu ni vilevile. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaochoma, na dada mmoja anainuka taratibu na noti yake kwenda kumtunza, akipitia njia ndefu, mbele ya meza ya mtu fulani. Shilingi elfu moja tu. Mahakama gani itakufanyia kazi hiyo kwa buku?

Kuna jambo ambalo mwongozo huu haujaliweza, nalo ni singeli. Muziki huu ulitoka Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye sherehe za vigodoro, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Hauchezeki ukiwa mkavu. Kwa miaka ushuani walisema ni kelele za wahuni, na watoto wa geti kali waliusikiliza kwa masikio ya siri. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, vijana wa uswahilini wakaitwa kwenye matamasha ya Ulaya, Wazungu wakalowa chapachapa, na ghafla Masaki wakakumbuka kwamba wanaupenda tangu utotoni. Ukikutwa kwenye singeli na leso iliyokunjwa pande nne, utaulizwa kama umekuja kukagua vibali. Ushauri wangu ni kwamba ulowe, na ufike nyumbani kabla watu wa kijiweni hawajakuona.

Utajuaje kama umefanikiwa? Si kwa kuulizia, anayeuliza ameshajibiwa. Si kwa wafuasi wa mtandaoni, ambao wengi wao wanauza viatu. Dar ina kipimo kimoja tu cha haki, nacho ni konda anayelitaja jina lako kama kituo. Kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala alikuja kutoka Zaire mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Alijitangaza kwa kinywa chake kuwa ana sura mbaya, akaimba juu ya kifo na umaskini, akaimba juu ya kondomu wakati wenzake wanaimba Asha na Zuwena. Alitoka jasho jukwaani kama mvua za masika, wala hakulificha. Alifariki Desemba 2010, na makonda wameendelea kulipiga kelele jina lake. Kuna pia Kwa Aziz Ally, Kwa Mtogole, Kwa Mfuga Mbwa. Huyu wa mwisho ananisumbua kuliko wote. Hatujui alivaa nini. Alifuga mbwa, basi, katika mji ambao watu wengi huwaogopa mbwa, na mji ukaona inatosha. Nikipita hapo huwa natazama raba zangu na kuhesabu dawa ya meno niliyoitumia.

Lakini hicho ni kiwango cha wachache. Kwa wengi wetu safari huishia pengine, na huisha bila barua. Hutangaziwi na mvi wala kitambi. Vyote viwili vina namna yake ya kubebwa mjini. Ni siku ya kawaida, umepiga pamba, shingo iko kavu, na binti wa jirani, yule uliyemwona juzi tu akienda chekechea, anakusogelea. Unadhani anakuja kusifia viatu. Anapiga goti kidogo: "Shikamoo, anko."

Usigeuke kutafuta anayeamkiwa. Wengi hugeuka, na nyuma hakuna mtu. Wapo wanaojaribu kujibu "poa", wapo wa "freshi", na nimemsikia mmoja mwenye miaka hamsini na kitu akimjibu mtoto "niaje". Mama mtu yuko barazani, anasikia, na kesho kijiwe kizima kitakuwa kimesikia. Itikia marahaba. Muulize habari za shule, na kama mfukoni imebaki jero, mpe akanunue ubuyu.